Geti la Mkwe Wangu na Korti Zisizo na Mamlaka

Mkwe wangu alipoweka geti kwenye njia yangu, sikumwuliza kwa nini. Singeweza kumwuliza. Mimi na yeye tulikuwa hatusemeshani, na hakukuwa na ugomvi wowote. Ilikuwa ni heshima.

Nieleze vizuri, maana watoto wanaozaliwa mjini wakisikia haya wanafikiri nawatania. Kwetu Ukambani mwanamume na mama wa mke wake wana kitu kinaitwa nthoni. Ni aibu, lakini aibu nzuri. Hawakai pamoja, hawali pamoja, hawatajani majina. Wakikutana njiani, mwanamume ndiye anatoka. Anaingia kichakani, anageuza uso, anangoja mpaka mama apite. Siku hizi wengi wameacha. Pale soko la Nunguni utaona kijana anamkumbatia mama mkwe wake mchana kweupe, na mimi naona haya kwa niaba yao. Lakini mkwe wangu ametoka upande wa Kitui, kule chini kwenye joto, na watu wa ukoo wao hawachezi na mambo haya. Mara ya kwanza kuniona aliruka mtaro akiwa amevaa suti ya harusi. Nikasema moyoni, huyu amelelewa.

Shida ilikuja aliponunua shamba. Ana duka la mabati na simiti mjini Sultan Hamud, na biashara ilimwendea vizuri, akataka kujenga mahali penye baridi. Binti yangu akamwambia kuna kipande kinauzwa kwetu Kilungu. Alikuja kukiangalia siku ya Jumapili, mimi nikiwa kanisani. Akaona udongo mzuri, akaona miparachichi, akaona kijito. Njia inayokata katikati ya shamba aliiona pia, lakini hakuna aliyemwambia ni nani anaipita. Akanunua, akajenga, wakahamia. Asubuhi ya kwanza akatoka nje na mswaki mdomoni, na mimi huyo nateremka. Aliingia zizini kwa ng'ombe na mswaki wake.

Mimi niliendelea na safari yangu. Ningefanya nini? Hiyo njia nilianza kuipita binti yangu akiwa bado hajazaliwa. Inatoka kwangu juu, inashuka kwenye matuta, inapita kando ya pale wamejenga, inavuka kijito, inapanda mpaka kwa dada yangu.

Dada yangu ni mkubwa wangu. Miguu yake ilikataa zamani, na sasa kichwa pia kimeanza kumwaga mambo. Wajukuu amewasahau wote, anawaita tu "nyinyi". Mimi alikuwa hajanisahau. Daktari alituambia ni kwa sababu ananiona kila siku. Akaniambia, "Mama, usikose kuja. Ukikaa siku nyingi bila kuja, atakupoteza hata wewe." Kwa hiyo kila siku nikimaliza kuosha vyombo vya asubuhi nilikuwa nashuka na chupa yangu ya chai, tunakunywa, tunagombana kuhusu mambo ya nyumbani kwa baba, narudi kabla ya giza.

Halafu siku moja nikashuka nikakuta geti. Geti la bati, jipya, na mnyororo, na kufuli kubwa kama kiatu cha mtoto. Huku na huku seng'enge. Mtu akiwa na duka la vifaa vya ujenzi hafungi vitu kidogo.

Nikamwita binti yangu kwa sauti. Akaja upande wa pili wa geti akifuta mikono kwa leso.

"Hii ni nini?"

"Mama, amesema ni usalama."

"Usalama wa nani? Mimi naiba nini hapa?"

"Mama, mimi nimetumwa tu kusema usalama."

"Fungua."

"Ufunguo anatembea nao."

"Muulize ni kwa nini."

"Nilimuuliza. Akaenda kulisha kuku."

Tangu hapo kumfikia dada yangu ikawa ni kushuka mpaka barabara ya lami, kupanda boda boda, kuzungushwa mlima mzima, halafu kupanda tena kwa miguu pale pikipiki inakataa. Goti langu halikupenda. Mvua ikinyesha, boda hawapandi kabisa. Nikakosa siku, nikakosa nyingine. Siku niliyofika, dada yangu alinitazama, akanipa mkono kwa heshima, akasema, "Karibu, mgeni. Umetoka mbali?"

Nilikaa kwenye kigoda. Nilimmiminia chai, akanywa, na kikombe kilipokaribia kuisha akaniangalia tena akasema, "Sukari umesahau, kama kawaida yako." Nikajua amerudi. Lakini nikiteremka siku ile niliamua nitashtaki. Sikujali ni mkwe, sikujali ni nani.

Nilianza kwa naibu wa chifu. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akavua kofia, akaiweka mezani.

"Mwaitu," akaniambia, na hilo neno mama la Kikamba alilitamka taratibu kama mtu anayeomba msamaha, "hata mimi nina mama mkwe."

"Sasa?"

"Nikikaa kwa kesi hii, nikisema wewe ndiye mwenye haki, wanaume watanicheka. Nikisema yeye ndiye, nyumbani nitalala na mbuzi. Hii peleka korti."

Sasa korti nitasema nini? Nikakumbuka kuna wakati watu walikuja kanisani kutufundisha Katiba baada ya ibada. Wengine walikuwa wanasinzia. Mimi sikusinzia. Walisema kila mtu katika nchi hii ana uhuru wa kwenda anakotaka bila kuzuiwa. Nikasema basi, hiyo ndiyo yangu.

Mwimbaji mwenzangu katika kwaya ana binti ambaye ni wakili mjini Wote. Alikuja nyumbani, akatembea mpaka kwa geti, akalitikisa, akarudi akakaa.

"Susu," akasema, maana kwetu nyanya huitwa hivyo, "hii ni kesi ya ardhi. Tutasema kuna njia ya zamani inapita kwa shamba lake, na una haki ya kuipita. Ni rahisi."

"Mimi sitaki shamba lake."

"Hutachukua shamba. Ni njia tu."

"Mimi nataka kutembea. Andika Katiba. Andika nimezuiwa kutembea."

"Susu, tukiandika Katiba, korti ya hapa itasema haina mamlaka."

"Itasemaje haina, na iko na bendera?"

Alinitazama, akatazama mamake, na mamake akatikisa kichwa kumwonyesha kwamba abishane na mwingine. Akaandika Katiba.

Korti ya hakimu ilikuwa imejaa siku hiyo. Mimi nilikaa mbele. Mkwe wangu akaingia, akaniona, akarudi nyuma mpaka akamkanyaga askari. Akapata mahali nyuma ya nguzo. Ni mtu mnene na nguzo ilikuwa nyembamba, lakini alijitahidi. Alikuwa na wakili, mwanamume wa tai nyekundu. Binti yangu alikuwa katikati na chupa ya chai, anamimina kikombe ananiletea, anamimina kingine anapeleka nyuma ya nguzo. Aliponiletea changu akaninong'oneza, "Mama, mshtaki tu, lakini Jumamosi njoo unisaidie kuvuna maharagwe. Geti nitamwambia aache wazi asubuhi, akiwa hayuko."

"Niingie kwa maharagwe yenu halafu nitoke, na kwa dada yangu nisipite?"

Akaenda zake.

Tukaitwa. Hakimu alikuwa kijana mpole, na kwa kusikia Kiswahili chake nilijua hakutoka upande wetu. Mkwe wangu akasimama kizimbani na kuelekeza uso dirishani.

"Mzee, nitazame mimi," hakimu akasema.

"Nikikutazama wewe, mheshimiwa, nitamwona yeye."

"Nani?"

"Huyo mama."

"Mama yupi? Mtaje jina."

"Siwezi."

"Humjui jina?"

"Nalijua. Siwezi kulitaja."

"Unakataa agizo la mahakama?"

"Agizo nakubali, mheshimiwa. Ni jina nakataa."

Karani wa kutafsiri, ambaye ni Mkamba, alikuwa ameinamisha kichwa, na mabega yanatetemeka. Hakimu akamuuliza kuna nini. Karani akamweleza kwa sauti ndogo. Hakimu akaweka kalamu chini, akamwambia mkwe wangu anaweza kutazama dirisha.

Hapo wakili wa tai akasimama. Akasema ana pingamizi. Akasema mengi, lakini yote yalikuwa yanazunguka hapo hapo: kwamba mimi nimelia na haki ya Katiba ya kutembea, na korti ya hakimu haina mamlaka ya kusikiza haki hiyo. Nikamtazama hakimu. Nilidhani atamfukuza, maana ni kama mtu kuja nyumbani kwako kukuambia huwezi kufungua dirisha lako. Lakini hakimu akaitikia kwa kichwa. Akasema ni kweli. Malalamiko ya aina hiyo yanaenda Mahakama Kuu.

Mpaka siku hiyo nilifikiri mamlaka ni kama chumvi, kila duka liko nayo.

Wakili wangu hakuniambia "nilikuambia". Huyo msichana amelelewa pia.

Tukaenda Wote, Mahakama Kuu. Ni safari, na ni mapema unaamka. Jaji alikuwa mzee wa miwani. Mkwe wangu hakupata nguzo, akakaa nyuma ya mwanamke mmoja mwenye kilemba kikubwa aliyekuja kwa kesi yake, na kila mara huyo mama akiinama kutafuta kitu kwa mkoba, mkwe wangu anainama naye. Wakili wa tai akasimama tena. Akasema, mheshimiwa, huyu mama anasema ni haki ya kutembea, lakini ukiangalia vizuri hakuna mtu amemfungia nyumbani. Anaweza kwenda Nairobi, anaweza kwenda Mombasa. Anachotaka ni kupita kwa shamba la mtu. Hiyo ni kesi ya ardhi, na Mahakama Kuu haina mamlaka juu ya ardhi.

"Mimi siendi Mombasa," nikasema. "Naenda kwa dada yangu."

"Mama, zungumza kupitia wakili wako," jaji akaniambia, bila ukali.

"Haya. Mwambie siendi Mombasa."

Jaji alisoma makaratasi kwa muda. Akasema haki ya kutembea ni kubwa, na yeye anailinda, lakini swali hapa ni kama kuna njia au hakuna njia juu ya ardhi hii, na swali hilo lina korti yake. Akaihamisha kesi kwa Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Nikauliza hiyo iko wapi, nikijua nitaambiwa Nairobi. Wakili wangu akanionyesha kwa kidole. Ilikuwa mlango wa pili, veranda ile ile.

Nikasema twende sasa hivi. Akaniambia mpaka tupewe siku.

Mvua zikaja katikati ya hayo yote. Nilifika kwa dada yangu nilipoweza. Mara moja tena aliniita mgeni, na siku hiyo chai iliisha na hakurudi. Alinisindikiza kwa macho nikitoka, akamwambia mke wa mwanawe, "Huyo mama ana adabu, aje tena." Nililia njiani, nyuma ya boda, na kijana wa pikipiki akafikiri ni goti.

Basi tukafika mbele ya jaji wa ardhi. Alikuwa mwanamke. Wakili wa tai akasimama, akafungua mdomo, na jaji akamwambia, "Kabla hujaanza, niambie ni korti gani imebaki." Akakaa. Jaji akasema hii ndiyo yake, hakuna mahali pengine tutaenda, na anataka kuiona hiyo njia kwa macho yake.

Akaja Kilungu amevaa gambuti. Nilimpenda hapo hapo. Akasema tutaanza kwa mlango wangu tutembee njia yote, na kila mtu atembee na sisi, mshtakiwa pia. Sasa njia yenyewe ni nyembamba, mtu nyuma ya mtu. Mkwe wangu hawezi kunitangulia, maana nitamtazama mgongo. Hawezi kunifuata, maana atanitazama mimi. Akateremka tuta la chini, akawa anatembea sambamba na sisi ndani ya maharagwe, kichwa tu kinaonekana, kinaenda kama kinaelea.

Jaji akasimama. "Yule anayetembea kwa maharagwe ni nani?"

"Ndiye mshtakiwa, mheshimiwa," akasema wakili wa tai, na nikaona hata yeye amechoka.

"Na hayo maharagwe ni ya nani?"

"Ni yake."

"Basi akanyage."

Tukafika kwa geti. Majirani walikuwa wamekuja, wamekaa juu ya ukingo kama watu wa mpira. Jaji akamwita mkwe wangu apande. Akapanda, akasimama upande ule mwingine wa nguzo ya geti, uso kwa nguzo.

"Kwa nini ulifunga njia?"

"Mheshimiwa, hati ya shamba inaonyesha..." wakili wa tai akaanza.

"Nimemuuliza yeye. Kwa nini ulifunga njia?"

Halafu mkwe wangu akaanza kuiambia nguzo ya geti. Na alipoanza, hakusimama.

Akasema alipohamia hapa aliruka kwenye zizi. Kesho yake akaruka kwenye mkonge, akachomwa. Akasema ameingia kwenye siafu. Ameingia kwenye shimo la choo lilipokuwa bado linachimbwa, na wachimbaji walikuwa ndani. Akasema majirani wameshajua saa ya mama kupita, wanakuja na viti. Hapo majirani wakatazama chini. Akasema watoto wake wenyewe wana mchezo, mmoja anakuwa susu anateremka na chupa, mwingine anakuwa baba anajitupa kwa nyasi. "Sijasema mama ni mbaya," akasema. "Namheshimu. Hiyo heshima ndiyo inaniua. Nimevunjika kidole kwa ajili ya heshima. Nikaona nikifunga njia, mama atapita kwingine, nami nitapiga mswaki kama watu."

"Na korti zote hizi mbona hukusema hivyo?"

"Kumzungumzia mama mbele ya watu ni aibu, mheshimiwa. Wakili aliniambia kuna hati, nikasema sawa, sema hati."

Jaji alipangusa miwani yake ingawa haikuwa na kitu. "Hakuna namna mila hii inamalizwa?"

"Iko," akasema. "Mbuzi na blanketi. Unampelekea mama, unamfunika blanketi, mnaanza kusalimiana."

"Mbona hukupeleka?"

"Sijaitwa."

Nilishindwa kunyamaza. Lakini sikumwambia yeye, nilimwambia jaji. "Mheshimiwa, mwambie kwetu mwanamume haitwi. Analeta mwenyewe. Mimi nimekaa miaka yote namngoja. Nikafikiri ananidharau."

Jaji akageuka kwa nguzo. "Umesikia?"

"Nimesikia. Mwambie kwetu Kitui ukipeleka bila kuitwa ni kama umemlazimisha mama. Mimi nimekaa miaka yote nangoja anitume mtu. Nikafikiri hanitaki."

Jaji akageuka kwangu. "Umesikia?"

"Nimesikia."

Tulikuwa tumesimama karibu, ningenyoosha mkono ningemgusa bega.

"Sasa mnisikize," jaji akasema. "Njia hii ni ya zamani na watu wanaitumia. Juu ya njia nina mamlaka, na geti litafunguliwa leo. Mambo ya mbuzi na blanketi sina mamlaka. Hakuna korti iliyo nayo, msiende kutafuta."

"Mheshimiwa," nikasema, "mwambie ameitwa."

Alikuja Jumamosi hiyo. Mchungaji alikuja pia, akamwombea mbuzi kwanza ili kusiwe na maneno kanisani. Mkwe wangu akaingia kinyumenyume mpaka mlangoni, kwa mazoea, binti yangu akamshika mabega akamgeuza. Akanifunika blanketi. Halafu akainua macho akanitazama, na neno la kwanza aliloniambia maishani ni hili: "Mwaitu, kumbe wewe ni mfupi hivi?"

Baada ya hapo hajanyamaza. Kumbe mtu anaweza kuweka maneno miaka yote hiyo kama maji ndani ya tangi. Jioni hiyo hiyo alisema ananisindikiza kwa dada yangu, kwa njia, tena kwa geti lililofunguliwa, na njia yote alikuwa ananiambia bei ya mabati ilivyopanda, na tumbo lake, na chakula asichoweza kula, na vile binti yangu anakoroma, kitu ambacho mimi nilikijua kabla yake. Mkwe nilimwachia mke wa mwana wa dada amkaribishe nje, nikaingia peke yangu. Sikutaka mtu aone kama dada yangu ataniita mgeni.

Alikuwa ameketi kitandani, ameelekea mlangoni. Nilimsalimu. Alichukua mkono wangu, akaupapasa vidole kimoja kimoja.

"Jana hukuja," akasema.

Nilikaa. Nikafungua chupa, kwa sababu mikono ilitaka kazi.

"Jana nilikuwa kortini," nikamwambia. Ilikuwa rahisi kusema hivyo.

Akaniachia mkono, akanitazama kwa ukali, vile dada mkubwa anavyomtazama mdogo wake.

"Uliiba nini?"

Nikaanza kumweleza. Nilimweleza geti, nikamweleza naibu wa chifu na kofia yake, na hakimu na dirisha. Alisikiza, akacheka mahali palipotakiwa kuchekwa. Tulipofika Mahakama Kuu alikuwa amelala, kikombe bado mkononi. Nilimtoa kikombe, na chai iliyobaki nikainywa mimi.